Kijiko Hakizuii Gesi: Crémant d'Alsace, Povu Lake na Chakula Chake

Kuhusu crémant d'Alsace, mvinyo wenye povu wa mashariki mwa Ufaransa, swali lisilokoma ni kama kijiko kinachotumbukizwa mpini katika mdomo wa chupa iliyofunguliwa, ili gesi isitoke hadi kesho yake, ni lazima kiwe cha fedha halisi au hata cha chuma kisichoshika kutu kinatosha. Swali hilo limekosewa tangu msingi wake, kwa kuwa hakuna kijiko cha madini yoyote kinachozuia gesi, na inachosha kuona jambo lililokwisha kupimwa zaidi ya mara moja likiendelea kujadiliwa kana kwamba kilichobaki ni kuchagua kijiko.

Gesi hiyo ni kaboni dioksidi, nayo huzaliwa ndani ya chupa yenyewe, mvinyo uliokwisha kuchachuka unapoongezwa sukari na hamira ukachachuka mara ya pili, kisha ukakaa juu ya mashapo, yaani mabaki ya hamira iliyokufa, kwa miezi isiyopungua 9. Kizibo kikiwapo, shinikizo huilazimisha gesi kubaki imeyeyuka katika mvinyo. Kikiondolewa, shinikizo hilo hutoweka na gesi huanza kutoka taratibu kupitia uso wa mvinyo, kwa kuwa kijiko hakizibi mdomo wa chupa na hakirudishi shinikizo lililopotea. Wapo wanaodai kwamba madini hupoza hewa ya shingoni mwa chupa, hewa hiyo ikawa nzito na kugeuka kifuniko, lakini dai hilo halisimami, kwa sababu baada ya muda mfupi jokofuni kijiko, chupa na hewa huwa na baridi ileile, na hata hewa iwe baridi kiasi gani haiizuii gesi kupenya na kwenda zake.

Mwaka 1994 Richard Zare, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, pamoja na wenzake, waliwaonjesha watu shampeni, ambayo povu lake hupatikana kwa njia hiyohiyo, kutoka chupa zenye kijiko na zisizo nacho bila kuwaambia ipi ni ipi, na kijiko hakikuonyesha faida. Comité Champagne, chombo cha wakulima na wafanyabiashara wa shampeni chenye makao yake Épernay, nacho kilipima shinikizo katika chupa zenye kijiko cha fedha, zenye kijiko cha chuma na zilizoachwa wazi, kikakuta zote zikipoteza gesi kwa namna moja, huku zilizozibwa barabara tu zikiihifadhi.

Imani hiyo hudumu kwa sababu mvinyo wa jokofuni huwa kweli na povu kesho yake, si kwa hisani ya kijiko, bali kwa kuwa kimiminika baridi hushika gesi nyingi zaidi na kuta laini za chupa hazichochei viputo. Na kwa kuwa hakuna anayeweka kando yake chupa ya pili isiyo na kijiko, sifa yote huangukia kijiko, ilhali jogoo awike asiwike kutakucha.

Gesi ni ya kulindwa kwa sababu ndiyo, pamoja na uchachu wa zabibu zinazochumwa kwa mkono, hasa Pinot Blanc, inayosafisha ulimi baada ya mafuta. Mvinyo uonjwe ukiwa na nyuzijoto 6 hadi 8, katika glasi ndefu yenye tumbo na mdomo mwembamba, iliyosuuzwa vizuri kwa kuwa sabuni huua povu. Viputo vitazamwe, harufu ya tofaa na ya mkate ivutwe, kisha ndipo unywewe. Ule wa brut, yaani wenye sukari isiyofikia gramu 12 kwa lita, huendana na flammekueche, mkate mwembamba wa Alsace wenye malai, vitunguu na nyama ya nguruwe, na pia na chaza au samaki wa kukaanga. Ule wa waridi, utokanao na Pinot Noir pekee, na samaki aina ya samoni. Demi-sec, wenye sukari zaidi, na keki ya kougelhopf, kwani keki tamu huufanya brut uonekane mchungu. Chupa iliyofunguliwa izibwe kwa kizibo chenye kibano, irudishwe jokofuni, imalizwe ndani ya siku 2, na mvinyo uliopoteza gesi utumike kupikia mchuzi wa samaki.