Udongo Wako Ukifika Maabara

Wakulima wengi wakisikia kwamba udongo hupelekwa Kabete kupimwa, hudhani huko kuna mashine moja kubwa: udongo huingia upande huu, na barua ya majibu hutoka upande ule. Sivyo. Majibu hutokana na mikono na macho ya watu, na kazi yenyewe huanzia shambani mwako.

Jambo hili lakuhusu kwa sababu fedha ni zako. Katika Uasin Gishu na Trans Nzoia yako mashamba mengi yenye udongo wenye uchachu. Kipimo cha uchachu huitwa pH, na 7 ndiyo katikati. Ikishuka chini ya 5.5, mizizi ya mahindi huweza kuumia, na fosforasi hufungika udongoni. Hata ukitia DAP, mmea hauipati yote. Shamba kama hilo lataka chokaa kwanza. Tena, pH 5 ina uchachu mara kumi kuliko pH 6, kwa hiyo kosa dogo la kupima si dogo mfukoni.

Basi, mpimaji mwema hufanyaje?

Kwanza, huanika udongo ukauke, huuponda na kuuchekecha kwa chekecheo lenye matundu ya milimita 2. Kila mfuko hupewa nambari, na nambari huandikwa daftarini papo hapo, si kwenye kipande cha karatasi.

Pili, haamini chombo chake hivi hivi. Kabla ya kazi hukijaribu kwa maji ya dawa ambayo pH yake yajulikana, kama 4 na 7. Kisiposoma sawasawa, hukirekebisha.

Tatu, chupa moja huitia dawa zote bila udongo. Ikionyesha fosforasi, ajua uchafu umetoka katika dawa au chupa, wala si shambani kwa mtu.

Nne, baadhi ya udongo huupima mara mbili, na kati yake hutia udongo ambao majibu yake yajulikana tayari. Majibu yakipishana sana, kazi hurudiwa. Mpimaji huandika alichokiona, si alichokitamani.

Sasa zamu yako. Chukua udongo mahali 15 hadi 20, ukienda kwa kupindapinda, kina cha sentimita 20. Epuka boma la ng'ombe, chini ya mti, na palipochomwa takataka. Changanya katika ndoo safi ya plastiki, kisha toa nusu kilo. Udongo wa bondeni na wa mlimani usichanganywe. Uanike kivulini, uutie katika mfuko safi, na uandike jina, nambari ya shamba na tarehe.

Angalia sana: usiutie katika gunia lililokuwa na mbolea. Maabara itapima vyema kabisa, na majibu yatakuwa ya kweli, lakini yatakuwa majibu ya gunia. Utaambiwa shamba lina rutuba, na mahindi yako yatakuwa ya manjano.

Barua ikija, isome pamoja na Bwana Shamba, kisha uihifadhi, uilinganishe na ile utakayoipata miaka ijayo. Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Na udongo ni mali.