Kompyuta haioni monita? Usikimbilie kununua nyingine

Umechomeka monita, taa inawaka, lakini kompyuta inakaa kama haijaona kitu. Au picha inakuja na ukungu, imeganda kwenye 1024 kwa 768 wakati monita ni ya 1920 kwa 1080. Wengi huamua hapo hapo kuwa monita imekufa. Mara nyingi bado nzima.

Kila monita ya kisasa hubeba kitambulisho chake cha kidijitali, kiitwacho EDID. Sehemu yake ya msingi ni baiti 128 tu, zenye alama ya mtengenezaji na vipimo vya picha ambavyo monita inaviweza. Draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya picha, hukisoma kupitia waya. Ikishindwa, inabaki kubahatisha, au inaona hakuna monita kabisa.

Kwanza tazama kioo. Kikiandika "No Signal", chenyewe kinafanya kazi. Kisha fuata hatua hizi:

1. Zima vyote viwili, chomoa monita kwenye umeme dakika chache, halafu jaribu waya mwingine. Kwenye HDMI, pini namba 19 ndiyo inayoijulisha kompyuta kuwa monita imechomekwa. Isipogusa vizuri, kubadili draiva ni kazi bure.

2. Kompyuta ya mezani ikiwa na kadi ya picha ya ziada, chomeka waya kwenye kadi hiyo, siyo kwenye tundu la ubao mama.

3. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows na P, uchague "Extend" au "Duplicate".

4. Bado? Bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Kioo kitazimika kidogo, draiva itaanza upya, na kazi uliyofungua haipotei.

5. Kama shida ilianza baada ya kusasisha, fungua Device Manager, ingia Display adapters, bofya kadi yako mara mbili, nenda Driver, kisha "Roll Back Driver". Draiva ya zamani itarudi.

Ikigoma, peleka monita hiyo na waya wake kwenye kompyuta nyingine. Ikiwaka huko, shida iko kwenye mashine yako. Isipowaka, mwite fundi, na sasa una cha kumwambia.