Maonyesho ya Wembley: Mazao Yalisafiri, Mkulima Akabaki

Ndugu mkulima wa Ndanai, bila shaka umepata kwenda kwenye maonyesho ya kilimo, ukaona ng'ombe wa maziwa wakishindanishwa na mahindi bora yamepangwa mezani. Je, unajua kwamba zaidi ya miaka 100 iliyopita mazao ya nchi hii yalipelekwa kwenye maonyesho makubwa Uingereza?

Mahali penyewe ni Wembley, London. Tarehe 23 Aprili 1924 Mfalme George V aliyafungua Maonyesho ya Dola ya Kiingereza, na hotuba yake ikatangazwa kwa redio. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza sauti ya mfalme huyo kusikika redioni. Maonyesho yalifunguliwa tena mwaka 1925, na kwa miaka hiyo miwili watu kama milioni 27 waliingia.

Shabaha yake ilikuwa biashara. Vita vya 1914 hadi 1918 viliiachia Uingereza madeni mengi, nayo ilitaka nchi zilizo chini yake ziuziane mali. Kanada ilitengeneza sanamu ya mwana wa mfalme na farasi wake kwa siagi tupu, ikaiweka katika chumba cha baridi chenye vioo. Usidhani ni mchezo tu. Kanada ilikuwa ikiwaambia wanunuzi: siagi tunayo, na kuitunza isiharibike tunajua. Wewe unayepeleka maziwa kila asubuhi unaelewa uzito wa neno hilo.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na banda lake, lenye mali kama kahawa, mkonge na karafuu. Lakini kahawa ya Kenya ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya walowezi. Mwafrika aliivuna na kubeba magunia, lakini hakuruhusiwa kupanda mikahawa yake. Ruhusa ilianza kutolewa miaka ya 1930, kwa jirani zetu wa Kisii na kwa watu wa Meru na Embu.

Chai ya Kericho ilianza namna hiyohiyo. Ardhi ya Wakipsigis ilikuwa imekwisha kuchukuliwa, na katika miaka ya 1920 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yakaingia. Mkulima mdogo alingoja mpaka miaka ya 1950 ndipo apande michai yake. Shirika la KTDA likaundwa mwaka 1964.

Huko Wembley Mwafrika mwenyewe alifanywa kitu cha kutazamwa. Mafundi kutoka Afrika Magharibi walikaa katika kijiji cha maonyesho, wakifanya kazi zao mbele ya wageni, na magazeti mengine ya London yakawadhihaki. Wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa Uingereza walipinga jambo hilo waziwazi.

Basi tujifunze nini? Zao linaweza kufika mbali, na jina la aliyelitolea jasho lisifike. Leo usikubali hivyo. Ukiwa na chai, chuma majani mawili na chipukizi, soma stakabadhi yako, na uulize bei ya mnada wa Mombasa. Ukiwa na ng'ombe, osha ndoo vizuri na uwahishe maziwa. Na maonyesho ya kilimo yakifika, peleka zao lako, usimame kando yake, ulieleze kwa kinywa chako mwenyewe.