Injini ya Gari Angani: Kasheshe Iko Shingoni

Mwishoni mwa Novemba 1903, kule Kitty Hawk, North Carolina, Orville na Wilbur Wright walikuta ufa kwenye mojawapo ya shafti za mapangaboi ya ndege yao. Haikuwa mara ya kwanza. Majuma machache kabla, injini iliyokuwa ikikohoa ovyo ilizijeruhi shafti zote mbili na kulegeza sproketi, wakazigandisha sproketi hizo kwa gundi ya matairi ya baiskeli. Safari hii gundi haikufaa. Orville alipanda treni kurudi Dayton, akachonga shafti mpya za chuma cha springi, zisizo na tundu ndani, tofauti na zile za kwanza, akarejea Desemba 11. Siku sita baadaye wakaruka.

Wengi wakitaja ndege ile huwaza mabawa. Mimi huziwaza shafti, kwa sababu fundi anayefunga injini ya gari kwenye ndege aliyoiunda mwenyewe anakutana na ufa uleule.

Kupata nguvu si tabu. Injini za gari ni bei nafuu na spea zipo. Tabu ni mwendo. Pangaboi lenye urefu wa mita 1.8 likizunguka mara 2,700 kwa dakika, ncha zake hukata hewa kwa mita 254 kwa sekunde. Sauti husafiri kama mita 340. Lizungushe mara 5,500, pale ambapo injini nyingi za gari huchangamka, ncha zinapita mita 500; nguvu yote inaishia kwenye kelele na ukinzani. Ndiyo maana injini ya ndege kama Lycoming O-320 ina lita 5.2 lakini inatoa nguvu za farasi kama 150 tu. Imeumbwa polepole makusudi, ili pangaboi lifungwe moja kwa moja kwenye krenki.

Bernard Pietenpol wa Cherry Grove, Minnesota, alibahatika na zama zake. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alichukua injini ya Ford Model A, nguvu za farasi 40 kwa mizunguko 2,200, akaifunga pangaboi bila gia wala mkanda. Ndege yake, Air Camper, inaundwa na watu mpaka leo. Injini za leo hazina uvivu huo, kwa hiyo lazima uweke giaboksi ya kupunguza mwendo. Hapo ndipo ufa unaporudi.

Injini ya pistoni haisukumi, inapiga ngumi. Yenye silinda nne hupiga mbili kila krenki inapozunguka. Ikiwa silensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, kwa mizunguko 900 kwa dakika, ni ngumi 30 kwa sekunde. Upande wa pili kuna pangaboi, zito na refu, lisilotaka kubadili mwendo. Shafti iliyo katikati inasokotwa na kujisokotoa, na kama bembea, ina mapigo yake ya asili. Mtoto kwenye bembea ukimsukuma kwa wakati wake, msukumo mdogo tu unampeleka juu kabisa. Ngumi za injini zikiangukia mapigo hayo, meno ya gia yanagongana mpaka yanakatika, huku oili ni safi na joto liko sawa. Tena ukibadili pangaboi la mbao ukaweka zito la chuma, mapigo yanahama. Giaboksi iliyomtumikia mwenzako miaka yote inaweza kukufia wewe.

Okota pleti kuukuu ya klachi katika gereji yoyote. Kuzunguka kitovu utaona springi fupi nene zilizolala kwenye vidirisha vyake. Jaribu kuzibonyeza kwa kidole: hazisogei. Kazi yake ni kumeza ngumi hizo kabla hazijafika kwenye gia. Anayeng'oa klachi na flaiwili ili ndege iwe nyepesi ametupa kinga pamoja na kilo.

Dawa ni mbili: kulainisha kiungo kwa mpira au springi, mapigo yashuke chini ya silensa, au kukikaza mno, yapande juu ya mwendo wa mwisho. Ya kwanza ndiyo hushinda mara nyingi. Wahandisi wa kampuni ya Thielert walipogeuza dizeli ya Mercedes A-Class kuwa injini ya ndege, ikaidhinishwa 2002, waliweka giaboksi pamoja na klachi, na bado giaboksi hiyo ilipaswa kushushwa kila baada ya saa 300.

Hata injini ya ndege Rotax 912, ambayo haikuzaliwa kwenye gari, hukimbia hadi mizunguko 5,800 kwa dakika na kupunguzwa mwendo mara 2.43 katika matoleo mengi. Ndani ya giaboksi yake mna meno yanayopanda miteremko huku yamekandamizwa na springi. Marubani huonywa wasiiache ipungue chini ya mizunguko 1,400. Simama karibu nayo inapozimwa. Mngurumo unashuka laini, kisha katika sekunde ya mwisho, pangaboi likiwa bado linaonekana kama kivuli, giaboksi inagonga: ko-ko-ko-kok. Imepita kwenye bembea.