Maji Ndiyo Huamua Umri wa Nguzo

Anayejenga Nyakato, jijini Mwanza, huzungumza na fundi wake kuhusu nondo mapema sana: za milimita 12 au 16, ringi ziachane kiasi gani, kitako kiwe na upana upi. Ni maswali ya lazima. Lakini kuna jingine lisiloandikwa kwenye orodha ya vifaa: mvua ikinyesha, maji ya kiwanja hiki yataelekea wapi?

Mwanza imekaa juu ya matale, na mwamba haunywi maji. Mvua ikipiga vilimani, maji huteremka juu ya mawe. Mengine hupenya udongo mwembamba na kufuata mgongo wa mwamba chini kwa chini hadi bondeni. Wasukuma waliusoma udongo huu zamani. Juu, karibu na mawe, kuna luseni, kichanga chepesi kisichosumbua sana misingi. Chini kabisa kuna mbuga, mfinyanzi mweusi, na huyo ni mkorofi. Chembe zake zimepangana kama kurasa za daftari. Maji yakiingia kati ya kurasa, udongo huvimba. Kiangazi hunywea na kupasuka nyufa.

Tumezoea kuiona nguzo kama kitu cha kubeba uzito, na kweli zege huvumilia sana kubanwa. Likivutwa, nguvu yake hushuka hadi takriban sehemu moja ya kumi. Sasa mbuga inapovimba hushika nguzo ubavuni na kuinyanyua, wakati kitako kimeng'ang'ania tabaka tulivu la chini. Nguzo huvutwa huku na huku. Isiyo na nondo hukatika. Kwa hiyo nondo zishuke mpaka chini na kukunjwa ndani ya kitako, zisiishie njiani.

Nondo nazo zina adui. Ualkali wa zege huzikinga na kutu, ila kinga hiyo hupungua kadiri hewa na unyevu vinavyopenya. Kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo hulipasua zege kutokea ndani. Zege linalomwagwa moja kwa moja kwenye udongo liache kama milimita 75 kati ya nondo na udongo, nondo zikikalia vijiwe vya zege. Kuzilaza chini na kuziinua wakati wa kumwaga ni kubahatisha. Na maji yaliyotuama shimoni yatolewe kwanza, maana huchanganyika na zege na kulidhoofisha.

Tazama Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililozinduliwa Juni 2025. Nguzo zake zimo ziwani usiku na mchana, lakini chuma kilicho ndani ya zege lililozama daima hushika kutu polepole, kwa kuwa oksijeni ni haba huko. Panapoumia zaidi ni panapolowa na kukauka, kulowa na kukauka. Nguzo ya nyumba isiyo na mtaro huishi katika hali hiyo miaka yote.

Paa la mita 100 za mraba hukusanya lita 100 kwa kila milimita ya mvua. Maji hayo yapelekwe tangini. Ardhi kuzunguka nyumba iteremke sentimita 5 kwa kila mita, na upande wa mlimani uchimbwe mtaro wa kokoto wenye bomba la matundu, unaotokea kwenye mfereji wa mtaa na siyo uani kwa jirani. Fedha ya mtaro huo itengwe siku ileile unayonunua nondo.