Nyonga ya Kijana

Juma hili nazungumzia nyonga. Hapa Mwanza mzee akichechemea tunasema ni baridi yabisi, na mara nyingi hatukosei sana: gegedu linalofunika ncha za mifupa limelika kwa miaka. Lakini akichechemea kijana wa miaka 20, dawa ya kuchua haitoshi, na kumsingizia jirani uchawi ni dhambi. Ziko sababu kadhaa, ila kwetu usiache kuuliza habari za selimundu.

Ugonjwa huu hurithiwa. Mwaka 1949 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa huko, akakuta wenye chembe hiyo ya urithi ni wengi pwani na kando ya ziwa letu, wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 alieleza sababu: anayeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Utafiti wa watoto wachanga wa Kanda ya Ziwa waliopimwa Bugando, uliochapishwa 2018, ulikuta kama mmoja kati ya watano ni mbebaji.

Kosa lenyewe ni dogo ajabu. Himoglobini, inayobeba oksijeni, ina minyororo. Mnyororo mmojawapo una pete 146. Katika pete ya 6, mahali pa asidi ya glutamiki imekaa valini. Basi. Himoglobini hiyo ikiishiwa oksijeni hushikana kama fito, chembe nyekundu ikapinda mithili ya mundu, ikakakamaa na kuziba mishipa midogo. Kichwa cha mfupa wa paja hulishwa na mishipa michache, tena myembamba. Ikizibwa, mfupa hufa na kubonyea, na gegedu lililo juu yake hukosa egemeo, likasagika. Kijana akawa na nyonga ya babu yake.

Maumivu huwa kinenani, wakati mwingine husikika gotini, watu wakachua goti bure. Eksirei ya awali huweza kuonyesha mfupa mzima. Maumivu yakiendelea, rudi. Haidroksiyurea hupunguza mashambulizi, lakini mfupa uliokwisha kufa haiufufui.

Nanyi mnaotaka kuoana, pimeni damu. Wote wawili mkiwa wabebaji, uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni mmoja kati ya nne katika kila mimba. Kila mimba, nasisitiza, maana wapo wanaodhani aliyekwisha kupata mgonjwa mmoja amemaliza zamu, na watatu wanaofuata wako salama. Hesabu haiendi hivyo.