Ofisi ikikatala kuonyesha dosie, malalamiko yaanzie kwenye kashe

Katika mizunguko yetu ya msimu B, wamemba wa koperative mbalimbali walitueleza shida moja ambayo haihusu mbegu wala mbolea. Walienda kwenye ofisi ya serkali kuomba kuona karatasi fulani, wakarudishwa mikono mitupu. Wengine waliambiwa dosie ni ya siri. Wengine, shefu hayuko, mrudi kesho. Na wengine waliombwa « kitu kidogo ».

Koperative moja tunayofanya nayo kazi iko na shamba la pamoja kando ya bonde, wanalima muhogo na maharagi. Walisikia mtu fulani anaomba konsesyo juu ya udongo ule. Wakaenda kwenye ofisi ya mambo ya udongo kuomba PV ya ankete. Walienda mara tano. Mara zote tano waliomba kwa mdomo, na wakakataliwa kwa mdomo. Tulipowauliza wanalalamikia uamuzi gani, wa tarehe gani, uliotolewa na nani, hawakuwa na la kuonyesha. Kwa karatasi, hakuna mtu aliyewakatalia kitu.

Hapo ndipo tunataka kukaa kidogo, sababu wengi wanakimbilia kulalamika mbele ya kutengeneza ushahidi kama walikataliwa.

Kwanza, PV ile si zawadi ya ofisi. Sheria ya udongo ya tarehe 20/07/1973 inasema udongo wa kijijini hautolewi konsesyo bila ankete kwanza. Katika ankete ile, mutumishi wa serkali anapaswa kuona mipaka, kuhesabu watu wanaoishi pale, kuandika nyumba, miti na mazao anayoyakuta, na kusikiliza wale walio na malalamiko. Kama PV inasema « udongo mtupu » na ninyi muko na ektari za muhogo pale, ni heri mjue sasa. Konsesyo ikitolewa na hati ikiandikwa, ikapita miaka 2 bila mtu kuishambulia kwenye tribinali, kuiondoa kunakuwa kugumu sana. Kila « mrudi kesho » inakula siku ndani ya miaka ile.

Katiba ya tarehe 18/02/2006, kifungu 24, inampa kila mtu haki ya kupata habari. Lakini kifungu hicho hakitaji siku ngapi ofisi iko nazo za kujibu. Juu ya hiyo, sisi tunashauri kuweka pia kifungu 27 ndani ya barua. Kifungu 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia serkali petisyo, yeye peke ao pamoja na wengine, na serkali inapaswa kujibu kwa myezi 3. Kinaongeza kama hakuna mtu atakayeshitakiwa juu ya kuandika petisyo. Wamama wawili wa koperative ile waliogopa kutia sahihi. Tuliposoma mstari ule kwa sauti, walichukua kalamu.

Barua yenyewe iwe fupi. Ombeni karatasi moja, kwa jina lake: « PV ya ankete juu ya udongo wa mahali fulani, mipaka hii na hii ». Mkiomba « dosie yote » mnawapa sababu ya kukatala. Msitukane, msiseme nani anakula rushwa. Hiyo ni vita ingine. Prezida na sekretere watie sahihi, wamemba wafwate. Mpeleke kopi mbili: moja inabaki ofisini, ya pili inarudi na kashe, tarehe na jina la aliyepokea. Kopi ile yenye kashe, muitunze kama vile mnatunza mbegu ya msimu unaokuja.

Na kama wanakatala hata kupiga kashe? Inatokea. Basi mtume barua kwa mkono wa wisie wa tribinali, ambaye karatasi yake inaonyesha siku barua ilifikishwa. Hiyo inaomba feza. Kama feza hakuna, muende na washuhuda wawili, kiisha muandike siku ile ile: saa, gishe gani, maneno gani yalisemwa. Wote watie sahihi, na kopi iende kwa administratere wa teritware.

Juu ya malipo: kuko taksi za kweli za kupata kopi. Lakini taksi ya kweli inakuja na note de perception, na risiti nyuma yake. Ombeni note ile kwa adabu. Mara nyingi, mwenye kuomba « kitu kidogo » ananyamaza hapo.

Myezi 3 ikipita kimya, ao jibu likiwa « hapana », sasa muko na kitu cha kulalamikia. Malalamiko yapande kwa mkubwa wa ofisi ile kwenye provensi, pamoja na kopi ya barua yenye kashe. Kopi ingine iende kwa Komisyo ya taifa ya haki za binadamu, CNDH, iliyoundwa kwa sheria ya tarehe 21/03/2013. Inapokea malalamiko ya raia. Tribinali ni hatua ya nyuma, na iko na siku zake zinazohesabiwa, kwa hiyo muone avoka mapema, hata kwenye biro ya bure ya baro.

Barua ya koperative ile iliingia na kashe. Siku tunapoandika haya ofisi haijajibu. Myezi 3 itaisha wakati wa kuvuna maharagi. Barua ya pili, ya kwenda provensi, iko tayari katika kabati la sekretere. Inakosa tarehe tu.